Kipimo Nacho Kipimwe

Muuza duka wa Tanzania haruhusiwi kuweka mizani mezani na kuanza kuwapimia watu sukari kwa sababu tu mizani hiyo ni mpya na imetoka ng'ambo. Wakala wa Vipimo sharti waikague, waibandike stika, kisha warudi kuikagua tena. Kilo moja ya sukari imewekewa ulinzi huo wote. Lakini kijana aliyeomba kazi akikalishwa mbele ya kompyuta, akapewa dakika chache za kuchagua umbo linalofuata katika safu ya maumbo, kisha akajibu maswali lukuki kuhusu tabia yake, hana stika ya kuitafuta popote. Siku mbili tatu baadaye anapata ujumbe kwamba hakufanikiwa. Haambiwi alipata ngapi, wala alilinganishwa na nani, wala kama kuna aliyewahi kuhakikisha kwamba wanaoyapatia maumbo yale ndio wanaoifanya vizuri kazi ile. Hoja yangu jioni ya leo ni kwamba anayetaka kuamua maisha ya mtu kwa jaribio la kisaikolojia ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kuwa jaribio hilo linafaa kwa watu hao na kwa uamuzi huo. Asipothibitisha, aliache. Sisemi kwamba majaribio haya ni utapeli. Yapo mazuri, na nitayataja. Nasema tu kwamba wajibu huo umekuwa ukitupwa kwa anayepimwa, na historia inaonyesha gharama yake.

Tutazame kwanza jinsi vipimo hivi vinavyofanya kazi. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao shuleni. Mwaka uliofuata Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa mfululizo wa kazi fupi 30: taja kilichomo kwenye picha, rudia tarakimu ulizosomewa, linganisha mistari miwili, na kadhalika. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoweza kudai kuwa ndiyo akili yenyewe. Maana hutokana na kulinganisha, yaani kutazama kama mtoto huyu anaweza yale ambayo wengi wa rika lake wanayaweza. Hadi leo ndivyo ilivyo: alama haisemi lolote mpaka ujue mtu amewekwa kando ya akina nani. Wataalamu huongeza maswali mawili. La kwanza ni la uthabiti: mtu huyu akipimwa tena wiki ijayo, atapata karibu na alichopata leo? La pili ni la uhalali: alama hii inatuambia kweli jambo tunalotaka kulijua? Watu wengi hukosea kwenye hili la pili, kwa kudhani uhalali ni sifa ya karatasi ya maswali, kwamba karatasi ikithibitishwa Boston basi imethibitishwa duniani kote. Uhalali ni wa matumizi. Jaribio linaloweza kuonyesha mtoto gani anahitaji msaada wa kusoma huenda lisifae hata kidogo kuchagua dereva wa treni. Binet alilijua hilo. Alikataa kuichukulia alama kuwa kiasi cha akili ambacho mtu amezaliwa nacho na atakufa nacho, na alitetea mazoezi maalumu ya kuwainua waliobaki nyuma. Alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kikavuka bahari bila tahadhari zake.

Huko Marekani kilipokewa na Henry Goddard, aliyekuwa akifanya kazi Vineland, New Jersey, katika taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili. Kufikia mwaka 1913 wasaidizi wake walikuwa kwenye kisiwa cha Ellis, bandarini New York, wakiwapima wahamiaji walioshuka melini. Mtu ametoka safari ndefu baharini, kwenye daraja la chini kabisa. Kiingereza hajui, na pengine hajawahi kushika kalamu. Anasimamishwa mbele ya mgeni na mkalimani, anaulizwa maswali ambayo hajui yanaelekea wapi. Wengi wa waliopimwa waliandikwa kuwa na akili pungufu. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, mwanasaikolojia Robert Yerkes na wenzake wakapata nafasi ya kupima askari wapatao milioni 1 na laki 7. Waliojua kusoma walipewa karatasi yenye maswali kuhusu wachezaji wa besiboli na bidhaa za madukani. Wasiojua kusoma walipewa picha na kuambiwa waonyeshe kilichokosekana: uwanja wa tenisi usio na wavu, santuri isiyo na pembe la kutolea sauti. Mkulima wa Sicily aliyeshindwa kuchora wavu wa tenisi alihesabiwa kuwa amekosa akili, kana kwamba tenisi huchezwa kila kijiji.

Takwimu za jeshi zenyewe zilikuwa zikiwaonya. Wahamiaji walioishi Marekani miaka mingi walipata alama kubwa kuliko waliofika karibuni. Maelezo ya wazi ni kwamba jaribio lilikuwa likipima uzoefu wa maisha ya Kimarekani. Mwanasaikolojia Carl Brigham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1923, alichagua maelezo mengine: kwamba mataifa yanayoleta wahamiaji siku hizi ni ya daraja la chini kuliko yale ya zamani. Mwaka 1930 aliandika kuyakana matokeo yake mwenyewe, jambo ambalo wasomi wachache wamekuwa na ujasiri wa kulifanya. Lakini sheria ya mwaka 1924 ya kuwabana wahamiaji ilikwishapita, ingawa wanahistoria bado wanabishana vipimo vilichangia kiasi gani. Tena mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliiruhusu Virginia kumfunga kizazi msichana aitwaye Carrie Buck. Sehemu ya ushahidi dhidi yake ilikuwa alama ya kipimo cha akili iliyosema ana akili ya mtoto wa miaka 9. Kichanga chake nacho kilielezwa mahakamani kuwa hakiko sawa. Mtoto huyo, Vivian, baadaye alianza shule, akaingia kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, akafariki kwa maradhi mwaka 1932 akiwa na miaka 8. Katika visa vyote hivi tarakimu hazikughushiwa. Walizihesabu kwa uangalifu mkubwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuuliza: mmejuaje kwamba karatasi hii inapima mnachodai?

Afrika Mashariki haikusalimika. Mwaka huohuo wa 1932 R. A. C. Oliver alichapisha Nairobi jaribio la akili lililokusudiwa Waafrika, wakati ambapo baadhi ya madaktari wa koloni walikuwa wakitafuta uduni wa Mwafrika ndani ya fuvu lake. F. W. Vint alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1934. Swali halikuwa kama kuna uduni. Swali lilikuwa uko wapi na una ukubwa gani. Palipoanziwa namna hiyo, alama yoyote ingepata kazi ya kufanya.

Sasa tuje kwenye ushahidi uliokusanywa katika bara letu na watu waliokuwa na swali jingine. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti aliowalinganisha ndani yake watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kazi moja, ya kuiga umbo waliloonyeshwa. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa waya, ambao watoto wa mitaa ya Lusaka huutumia kila siku kutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia waliwashinda Waingereza. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa karibu sawa. Uwezo wa kulishika umbo kichwani na kulitoa tena ni uleule, lakini kifaa kilichowekwa mkononi ndicho kilichoamua nani aonekane mwerevu. Zingatia pia kwamba hapa lugha haikuwa kikwazo. Wapo wanaoamini kwamba ukilitafsiri jaribio kwa Kiswahili fasaha, umemaliza kazi. Serpell anaonyesha kwamba hata jaribio lisilo na neno hata moja laweza kuwa na uenyeji wake.

Mbele kidogo, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwauliza watoto wa Kiluo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, mtoto mwenye dalili hizi na hizi apewe dawa gani ya mitishamba. Haya ni maarifa ambayo maisha ya pale huyahitaji kila mara, kwa kuwa maradhi ya vimelea ni mengi. Waliofanya vizuri zaidi kwenye mitishamba walielekea kufanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya msamiati ya kishule. Kama akili ingekuwa tangi moja linalojaa au kupungua, tungetarajia kinyume chake. Watafiti walieleza kwamba familia hulazimika kuchagua muda wa mtoto uende wapi, na kila njia ina elimu yake. Na huko Embu, pia Kenya, watoto wa shule waliopimwa mwaka 1998 kwa jaribio la maumbo walipata alama za juu kwa mbali kuliko watoto wa rika lao waliopimwa mwaka 1984. Miaka 14 haiwezi kubadili damu ya watu. Kilichobadilika ni lishe, elimu ya wazazi na ukubwa wa familia.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanyika hapa jirani, Bagamoyo, na kuchapishwa mwaka 2002 na kundi la Sternberg na Elena Grigorenko likiwa pamoja na watafiti Watanzania. Wanafunzi 358 walifanya majaribio ya kufikiri, likiwemo lile la kukisia kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Kisha wakafundishwa kwa muda usiofika saa moja mbinu ya kufikiri, kwa mfano jinsi swali moja zuri linavyoweza kuondoa nusu ya majibu yanayowezekana. Wakapimwa tena. Alama zilipanda kuliko za watoto ambao hawakufundishwa. Lakini hilo silo kubwa. Kubwa ni kwamba alama za mwanzo zilihusiana kwa udhaifu na za mwisho, maana yake waliokuwa mbele asubuhi si lazima ndio waliokuwa mbele baada ya kufundishwa. Sasa fikiri kama shule ingekuwa imechagua wanafunzi kwa jaribio la kwanza. Ingewaacha nje watoto waliokuwa wanasubiri tu kuonyeshwa namna ya kucheza mchezo ule. Jaribio la kawaida huuliza mtu amebeba nini tayari. Bagamoyo waliuliza pia anajifunzaje, na swali hilo ndilo ambalo mwajiri na mwalimu wanalihitaji zaidi.

Najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa na kusema: haya yote ni mazuri, lakini ukiondoa majaribio unaturudisha kwenye kujuana. Mtoto wa fulani atapata kazi kwa simu moja, na mtoto wa mkulima aliyesoma kwa taabu hatakuwa na pa kuonyesha uwezo wake. Pingamizi hili nalikubali kwa uzito wote. Usaili wa maongezi matupu, ambapo mwenyekiti anampenda anayefanana naye, una dhuluma yake, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya karatasi. Ndiyo maana sitetei kuyafuta majaribio. Lakini pingamizi hili linatetea majaribio yaliyokaguliwa. Halimpi mtu ruhusa ya kutumia yasiyokaguliwa, kwa sababu jaribio lisilothibitishwa linaweza kuwa kujuana kulikovaa koti la sayansi. Kampuni ya umeme ya Duke Power huko North Carolina, Marekani, ilikuwa ikiwaweka wafanyakazi weusi kwenye kazi za vibarua tu. Sheria ya haki za kiraia ilipoanza kutumika Julai 1965, kampuni ilianzisha siku hiyohiyo majaribio mawili kwa waombaji wa idara nyingine, moja la uwezo wa akili kwa jumla na jingine la kuelewa mitambo. Wazungu waliokwishaajiriwa kwenye idara hizo waliendelea na kazi bila kufanya jaribio lolote, na walizimudu. Mwaka 1971 Mahakama Kuu, bila jaji hata mmoja kupinga, iliamua katika kesi ya Griggs dhidi ya kampuni hiyo kwamba jaribio linalowaengua watu wa kundi fulani kwa wingi halikubaliki mpaka mwajiri aonyeshe linahusiana na kazi yenyewe. Nia njema haitoshi. Tazama wajibu wa kuthibitisha ulikowekwa: kwa mwajiri.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mtaalamu atasema: usilaumu jaribio. Mtoto aliyekosa lishe, vitabu na mwalimu atapata alama ndogo, na kweli atapata shida darasani. Jaribio limetabiri sawasawa, na ubaguzi uko katika maisha. Hoja hii ina ukweli, na mtu anayejali haki hapaswi kuikwepa, kwani jaribio linalofichua pengo linaweza kuilazimisha serikali ilizibe. Lakini utabiri si uamuzi. Alama ikinionyesha kwamba mtoto atapata shida, bado naweza kumwongezea mwalimu au kumfungia mlango, na jaribio halinielekezi njia ipi. Binet alichagua ya kwanza na Virginia ikachagua ya pili, wakiwa na kipimo cha ukoo mmoja. Tena utabiri mwingine hujitimiza wenyewe. Mtoto akishapelekwa darasa la wasiojiweza, akafundishwa kidogo na kutarajiwa kidogo, mwisho wa mwaka atakuwa amelithibitisha jaribio.

Pingamizi la tatu ni la fedha. Kutengeneza viwango vya ulinganisho vya kwetu kunataka watu wengi, muda na wataalamu, na nchi zetu zina mahitaji mengine. Jibu liko pwani. Kilifi, nchini Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome, wakiwemo Amina Abubakar na Penny Holding, walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa vifaa rahisi vinavyopatikana mahali pale, wakakichunguza uthabiti na uhalali kabla ya kukitumia kuwatafuta watoto walioathiriwa na maradhi. Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake walichunguza dodoso maarufu la dalili za sonona na wasiwasi miongoni mwa wajawazito wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwingineko alama 1.75 ndiyo huchukuliwa kuwa mpaka wa ugonjwa. Walipolinganisha majibu na usaili wa kitabibu, walikuta mpaka unaofaa kwa wanawake wale uko chini zaidi. Kliniki ambayo ingetumia mpaka wa kuagiza ingewarudisha nyumbani wanawake wagonjwa ikiwaambia ni wazima. Nani anaweza kusema kwamba ukaguzi ule ulikuwa anasa?

Hata jaribio lililokaguliwa vizuri lina ukungu pembeni mwake. Mtu huyohuyo akipimwa mara kadhaa hupata alama zinazocheza pointi chache juu na chini, na mtaalamu mwaminifu hutaja upana huo. Florida haikutaka kuusikia. Marekani ilikwishapiga marufuku kuwaua kwa adhabu ya kifo watu wenye ulemavu wa akili, na jimbo hilo likaweka mpaka usiosogea wa alama 70 za kipimo cha akili, yaani IQ, kiasi kwamba mfungwa mwenye alama 71 hakuruhusiwa hata kuleta ushahidi mwingine. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ililikataa sharti hilo kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura moja tu ndiyo iliyozuia mtu auawe kwa tofauti ambayo waliotengeneza kipimo wenyewe wanasema haina uhakika.

Kuhusu majaribio ya haiba yanayouzwa kwenye semina za ofisi, yale yanayokupa aina yako ya utu kwa herufi au rangi, sitatumia muda mwingi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la utu, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake. Waliyasifu kuwa ni sahihi mno, wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, na sehemu kubwa aliitoa kwenye kitabu cha unajimu. Anayetoka kwenye semina akisema jaribio limemjua vilivyo bado hajathibitisha lolote, sawa na mteja wa mpiga ramli.

Sheria zipo, na nyingine ni nzuri kuliko zinavyotumika. Afrika Kusini, katika Sheria ya Usawa katika Ajira ya mwaka 1998, kifungu cha 8, inakataza kumpima mfanyakazi kisaikolojia isipokuwa jaribio limeonyeshwa kisayansi kuwa halali na thabiti, linaweza kutumika kwa haki kwa wote, na halibagui kundi lolote. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na sheria yake ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na majibu yako kuhusu hofu zako, usingizi wako na hasira zako ni taarifa binafsi kama zilivyo namba zako za benki. Kinachokosekana kwetu ni kifungu kama kile cha 8 cha Afrika Kusini, chenye maneno machache na yasiyo na kona. Wabunge wa nchi zetu wangeweza kukiandika katika kikao kimoja.

Kabla ya hapo, msikilizaji, usisubiri. Mwanao akipelekwa kupimwa, uliza jaribio hilo limewahi kuchunguzwa kwa watoto wa hapa, na matokeo yatatumika kumpa nini. Ukitakiwa kufanya jaribio la kazi, andika barua pepe ya heshima kwa idara ya rasilimali watu, uulize linapima nini, majibu yako yatahifadhiwa muda gani, na kama utapewa matokeo yako. Na wewe uliye upande wa pili wa meza, unayenunua majaribio haya kwa niaba ya shule au kampuni, mwambie muuzaji akuletee ushahidi wake kabla hujamlipa.